Kati ya Usingizi na Usingizi: Kupanga Mapambano na Mapumziko katika Michezo ya Njozi ya Mezani

Kundi la wahusika wanne limefika kwenye lango la ngome ya wanyang'anyi. Walinzi wawili wamesimama nje, mmoja wao anapiga miayo. Mchezaji mwenye mchawi anarusha mpira wa moto, halafu katika zamu yake ya pili anarusha mwingine kwa sababu mlinzi mmoja bado anatikisika, na mwenye upanga hajapata hata nafasi ya kulowesha silaha yake. Kisha mchawi anageuza karatasi yake kumwelekea mwendeshaji, yule anayesimulia mchezo na kuwachezesha maadui: visanduku vyote viwili vya uchawi mkubwa vimepigwa mstari. "Nimeishiwa," anasema. "Turudi msituni tukae mpaka kesho." Ndani ya mchezo ni saa tatu asubuhi.

Hakuna aliyevunja kanuni. Kanuni za michezo mingi ya njozi ya mezani zinaruhusu jambo hilo waziwazi, na mchezaji aliyelipendekeza amefikiri vizuri kuliko wenzake, kwa kuwa ameona kwamba kulala hakugharimu chochote ilhali kuingia ngomeni bila uchawi kunaweza kugharimu maisha. Wachezaji wa siku nyingi wameipa hali hiyo jina, siku ya dakika 15, yaani siku ambayo mashujaa wanafanya kazi kwa robo saa na kupumzika saa zote zilizobaki. Mwendeshaji akishaiona mara mbili tatu, aghalabu hutafuta dawa ndani ya pambano lenyewe: anaongeza walinzi, anawavika deraya nzito, anamweka mbwa wa kuzimu nyuma ya lango. Dawa hiyo huongeza ugonjwa, kwa sababu adui mkali zaidi humlazimisha mchawi kutumia akiba yake yote mapema zaidi, na akishaitumia, sababu ya kwenda kulala inakuwa na nguvu maradufu. Kinachopaswa kupimwa ni kipande chote kilicho kati ya usingizi mmoja na usingizi unaofuata, pamoja na bei ambayo kundi linalipa kila linapotaka kukikata kipande hicho.

Ili jambo hili lieleweke ni lazima kwanza tuone kile kinachotumika. Mhusika wa michezo hii hubeba akiba za namna tatu. Ya kwanza haiishi: mapigo ya upanga, mishale ya kawaida, uchawi mdogo ambao mchawi anaweza kuurudia kutwa nzima. Ya pili hurudi baada ya mapumziko mafupi, yale ya kukaa chini, kufunga vidonda na kunywa maji. Ya tatu hurudi baada ya usingizi kamili, na humo ndimo kwa kawaida unamokaa uchawi mkubwa. Juu ya zote tatu zimo pointi za uhai, ambazo hushuka kwa kila jeraha na kupandishwa kwa njia zinazotofautiana kutoka mchezo hadi mchezo. Pambano la kawaida, lile ambalo kila mtu anajua mashujaa watashinda, halikusudiwi kuua. Linakusudiwa kuchota kidogo kutoka kwenye akiba hizo, nalo linalofuata lichote tena, kama wasemavyo kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Mtu anayeliangalia pambano kama hilo peke yake ataliona ni jepesi na la kupoteza muda. Likitazamwa kama la tano kati ya saba, jepesi lile lile ndilo linaloamua kama mpira wa moto utakuwapo pale joka litakapofumbua macho.

Mfumo huu wa kuhesabu kwa siku una umri sawa na mchezo wenyewe. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, iliyoanzisha michezo ya aina hii, ilipotoka mwaka 1974, uchawi wake ulijengwa juu ya wazo lililotokana na hadithi za Jack Vance, kwamba mchawi hukariri uchawi wake, na akishautamka unafutika kichwani mpaka aukariri upya. Ni rahisi kudhani kwamba siku ya dakika 15 ilianzia hapo. Lakini michezo ya miaka ile ilikuwa na breki ambazo leo hazitumiki sana. Katika kanuni za msingi za mchezo huo za mwaka 1981, muda chini ya ardhi ulihesabiwa kwa vipande vya dakika 10. Mwenge uliwaka kwa vipande 6 kisha ukazimika. Kila baada ya vipande 2 mwendeshaji alirusha dadu ya pande sita, na ikitokea 1, zimwi la kuzurura lilikuwa linakuja. Mtu aliyelala kitandani siku nzima bila kusumbuliwa alirudishiwa pointi 1 hadi 3 tu za uhai.

Breki iliyokuwa kali kuliko zote haikuonekana kama breki. Sehemu kubwa ya pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika ngazi ya nguvu, ilitokana na dhahabu iliyotolewa shimoni ikafikishwa salama, si na maadui waliouawa. Zimwi la kuzurura kwa kawaida halikubeba chochote cha maana. Kupigana nalo kulikuwa hasara tupu: damu imemwagika, uchawi umetumika, na faida ni makombo. Kwa hiyo kila kipande cha dakika 10 ambacho kundi lilichezea kilikuwa na bei iliyojulikana, na wachezaji wenyewe walikimbizana na muda bila kuhimizwa na mtu. Pointi za uzoefu zilipohamia kwenye kushinda maadui, kama ilivyokuwa katika toleo la tatu la Dungeons & Dragons la mwaka 2000, zimwi lile lile likageuka zawadi inayokuja mlangoni kwa miguu yake. Breki ikawa kichapuzi, na wengi wetu hatukuligundua hilo kwa muda mrefu.

Toleo hilo la 2000 lilijaribu kuiweka hesabu wazi: pambano lililolingana na ngazi ya kundi lilitarajiwa kula takriban asilimia 20 ya akiba, na kundi lilitarajiwa kuyamudu mapambano manne ya aina hiyo kabla ya kulala. Toleo la nne la mwaka 2008 lilifika mbali zaidi, kwa kumpa kila mhusika, awe wa upanga au wa fimbo, uwezo wa kudumu, uwezo wa kila pambano unaorudi baada ya mapumziko ya dakika 5, na uwezo wa kila siku unaorudi baada ya saa 6. Kwa maoni yangu lilikuwa jawabu safi kuliko yote yaliyowahi kutolewa na matoleo ya mchezo huo, ingawa lilikuwa na wapinzani wengi waliosema kwamba wahusika wote sasa wanafanana. Toleo la tano la mwaka 2014 likarudisha tofauti kati ya wahusika, likaweka mapumziko mafupi ya saa 1 na marefu ya saa 8 ambayo hayawezi kuleta faida zaidi ya mara moja ndani ya saa 24, na likawaambia waendeshaji kwamba kundi linaweza kuhimili mapambano 6 hadi 8 ya kadiri au magumu kwa siku. Mwongozo uliorekebishwa wa mwaka 2024 umeiacha bajeti hiyo ya siku. Mfumo wa akiba unaorudisha nguvu kwa usingizi, hata hivyo, umebaki, kwa hiyo hesabu haijaondoka. Aliyeondoka ni yule aliyekuwa akikufanyia.

Tuifanye wenyewe basi. Kwa kanuni za 2014, mhusika wa ngazi ya 5 amepangiwa pointi 3,500 za mapambano kwa siku, hivyo kundi la wanne lina 14,000. Pambano la kadiri kwa kundi hilo ni pointi 2,000, gumu ni 3,000, la hatari ni 4,400. Siku moja kwa hiyo inaweza kuwa na mapambano saba ya kadiri, au karibu matano magumu, au matatu ya hatari. Kwenye karatasi hizo ni siku tatu zinazolingana. Mezani hazilingani hata kidogo, na sababu yake ni raundi, yaani mzunguko mmoja wa pambano ambamo kila mmoja anapata zamu yake.

Mchawi wa vitabu wa ngazi ya 5 ana nafasi 9 za uchawi, yaani anaweza kurusha uchawi usio mdogo mara 9: nne za daraja la kwanza, tatu za la pili na mbili za la tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote kwake, pamoja na kiasi kidogo anachoweza kukirudisha mara moja kwa siku baada ya mapumziko mafupi. Katika raundi moja, kwa kawaida, anatumia nafasi moja. Tuseme pambano linakwenda raundi nne. Siku yenye mapambano mawili ina raundi nane, na mchawi mwenye nafasi tisa hawezi kuishiwa hata akitaka. Kila zamu yake ni radi na moto. Siku yenye mapambano saba ya raundi tatu tatu ina raundi 21, na katika zaidi ya nusu ya hizo atalazimika kutumia uchawi wake mdogo usiokwisha, huku akijiuliza kila mara kama adui huyu anastahili. Mpiganaji wa upanga, ambaye pigo lake haliishi, yuko vile vile katika siku zote mbili. Katika siku fupi ni msindikizaji wa mchawi. Katika siku ndefu ndiye nguzo ya kundi. Hakuna kilichobadilika kwenye karatasi zao, ila idadi ya raundi kabla ya usingizi.

Hali inakuwa mbaya zaidi kwa wale wanaotegemea mapumziko mafupi. Mchawi wa agano, yule aliyepewa nguvu na kiumbe fulani cha gizani, katika ngazi hiyo hiyo ana nafasi 2 tu, lakini zote ni za daraja la tatu na zote hurudi kila anapopumzika saa moja. Siku ikiwa na mapumziko mafupi mawili, anapata uchawi mkubwa mara sita, wakati msomi wa vitabu anaupata mara mbili au tatu. Siku ikiwa haina hata moja, anabaki na mara mbili kwa kutwa nzima dhidi ya tisa za mwenzake. Nimemwona mchezaji akiamini kwa miezi kadhaa kwamba alichagua mhusika dhaifu, kumbe mhusika hakuwa na kasoro yoyote. Ni kwamba kundi lile lilikuwa na desturi ya kulala usiku na kutokaa chini mchana. Mwendeshaji wa kundi lile nilikuwa mimi.

Hapa tunafika kwenye bei. Watu wengi wakisikia kwamba kulala kunapaswa kugharimu, hukimbilia shambulio la usiku: kila kundi linapofunga macho, mbwa mwitu wanakuja. Mara ya kwanza inasisimua, mara ya tatu wachezaji wanajua kwamba wanaadhibiwa, na ya nne wanaanza kubuni vibanda vya chuma na kamba za kengele, na kikao kizima kinaisha katika mjadala wa zamu za ulinzi. Shambulio la usiku, zaidi ya hayo, halitatui tatizo. Likishindwa, kundi linarudi kulala. Bei inayofanya kazi ni ile ambayo wachezaji wanaifahamu kabla ya kuamua, na ambayo haiwezi kurudishwa kwa kulala tena.

Turudi kwenye ngome yetu. Tuseme ndani yake wamo mateka kumi na wawili, na wanyang'anyi wanasubiri mashua. Kabla ya pambano la kwanza mwendeshaji anachora duara kwenye karatasi, analigawa vipande sita kama chapati, na kuliweka katikati ya meza ambapo kila mtu analiona. Anasema waziwazi: kila mapumziko mafupi yanajaza kipande kimoja, kelele kubwa inajaza kimoja, kuondoka na kulala kunajaza vinne. Kipande cha tatu kikijaa, mateka wanatenganishwa, nusu yao wanashushwa gatini. Cha sita kikijaa, mashua imeondoka. Sasa mchawi yule aliyerusha mipira miwili ya moto langoni anapata habari mbili kwa pamoja: milipuko yake kwa pamoja imejaza kipande cha kwanza, na kulala mpaka kesho kutafikisha duara kwenye kipande cha tano. Bado anaweza kulala. Hakuna mtu aliyemkataza wala zimwi lililotumwa kumsumbua. Lakini meza nzima sasa inalitazama duara, na mwenye upanga anasema jambo ambalo hakuwa na sababu ya kulisema hapo awali: "Wewe kaa nyuma yangu, tutumie hivyo vidogo vyako."

Angalia jinsi pambano la walinzi wawili, ambalo kwa nguvu zao halikuwa kitu, limegeuka kuwa uamuzi wa maana bila kuongezewa hata mlinzi mmoja. Angalia pia kwamba duara halihesabu dakika. Linahesabu maamuzi, na hilo ndilo linalolifanya lieleweke. Mwendeshaji anayejaribu kutunza saa halisi ya ndani ya mchezo, dakika kwa dakika, mara nyingi huichoka kufikia kikao cha pili, na wachezaji wakigundua kwamba ameichoka, bei imefutika.

Kuna hatari moja ambayo miongozo mingi haiitaji. Shinikizo la muda huua mapumziko mafupi kabla ya kugusa yale marefu. Ukiwaambia wachezaji kwamba kafara itafanyika alfajiri, hawatalala, hilo umelipata. Lakini pia hawatakaa saa nzima kwenye chumba cha silaha wakifunga bandeji, kwa sababu saa nzima, mtu yeyote mwenye akili ataona, ni muda mwingi mno wakati mwenzako yuko kwenye madhabahu. Mchawi wa vitabu, aliyeingia na akiba yake yote, hajali. Mchawi wa agano na mpiganaji wanakauka. Ndiyo sababu mimi huyafupisha mapumziko mafupi yakawa ya dakika 10 na kuyawekea ukomo wa mara mbili kwa siku. Dakika 10 zinaaminika hata katikati ya hatari, na ukomo unazuia watu wasikae chini kila baada ya mlango. Si kanuni ya kitabu, lakini sijawahi kukutana na meza iliyoilalamikia.

Njia nyingine ni kuubadilisha usingizi wenyewe. Kanuni za hiari za 2014 zinaruhusu mapumziko mafupi kuwa ya saa 8 na marefu kuwa ya siku 7, na wengi huzichagua wakidhani zinaufanya mchezo kuwa mgumu. Kwa kweli ugumu unabaki pale pale. Kinachobadilika ni mwendo wa hadithi. Mapambano sita yaliyokuwa yamesongamana ndani ya siku moja sasa yanatawanyika katika wiki nzima, jambo linalofaa sana kwa visa vya mjini, fitina na uchunguzi, ambapo mapambano sita kati ya asubuhi na jioni yangekuwa kichekesho. Kwa shimo lenye vyumba ishirini kanuni hiyo ni balaa, kwa sababu hakuna atakayeweza kukaa siku saba katikati ya maadui, na uchawi uliokusudiwa kudumu saa nane sasa unaisha kabla ya kipande chake cha hadithi kuanza.

Safari nazo zina tabu ya aina hiyo hiyo. Kundi linavuka jangwa kwa siku kumi, mwendeshaji anarusha dadu, linatokea pambano moja kwa siku, na kila pambano linakutana na kundi lililolala vizuri. Mapambano kumi, na hakuna hata moja lenye uzito. Dawa yake ni fupi: hesabu safari yote kama siku moja. Njiani usingizi unatoa faida za mapumziko mafupi tu, na yale marefu yanapatikana mahali penye usalama wa kweli, kwenye chemchemi yenye wenyeji, kwenye nyumba ya watawa, mwisho wa safari. Wachezaji hulikubali hili kwa urahisi kuliko unavyotarajia, kwa kuwa kila aliyewahi kulala kwenye mawe anajua kwamba kuamka si sawa na kupumzika.

Ipo pia michezo iliyoamua kukata kamba kati ya usingizi na akiba. Katika 13th Age ya mwaka 2013, ya Rob Heinsoo na Jonathan Tweet, kundi hurudishiwa nguvu zote baada ya mapambano manne, iwe yamechukua saa moja au wiki tatu, na likitaka kurudishiwa kabla ya hapo, linakubali kwamba jambo fulani baya limetokea katika hadithi. Hiyo ni bei tupu, imevuliwa nguo zote. Toleo la pili la Pathfinder, la mwaka 2019, limeelekea upande mwingine: mapumziko ya dakika 10 yanatosha kutibu majeraha mengi, mapambano yanapimwa yakidhani kundi linaingia karibu na uhai kamili, na kila pambano linasimama kwa miguu yake. Mwendeshaji anayetoka kwenye mchezo mmoja kwenda mwingine bila kuliona hilo hupata mshtuko, kwa sababu pambano gumu la Pathfinder ni gumu kweli, hata asubuhi, hata kwa waliolala fofofo. Uchawi wa kila siku bado upo humo, kwa hiyo mchawi bado hupata usingizi mapema kuliko wenzake, lakini kishindo ni kidogo.

Linabaki suala la muda wa kweli, ule wa ukutani. Pambano la wahusika wanne na maadui sita linaweza kula saa nzima ya kikao, na siku ya mapambano saba haitoshei katika jioni moja ya saa nne hata watu wakiacha mizaha. Waendeshaji wengi hufanya siku na kikao viishe pamoja, na hapo ndipo mapambano yanapopungua kuwa mawili bila mtu kuamua. Hakuna haja. Siku moja ya ndani ya mchezo inaweza kuchukua vikao vitatu, mradi kikao kiishie mlangoni na si kitandani. Tatizo dogo ni kumbukumbu. Kabla watu hawajanyanyuka, kila mmoja aandike kwenye karatasi nafasi za uchawi na pointi za uhai zilizobaki, na mwendeshaji azikusanye karatasi hizo pamoja na lile duara lenye vipande vilivyojazwa. Kwa sababu baada ya wiki moja, mchawi yule wa langoni atakuwa na hakika kabisa kwamba alirusha mpira wa moto mmoja tu.